Kris Bryant alifanya nini kabla ya kutimiza miaka 25?

Swali la msomaji: "Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, sasa naishi Chicago. Mwanangu ana miaka 13 na anacheza besiboli kwenye timu ya mtaa, wamemweka besi ya tatu. Jirani alimpa jezi kuukuu ya Cubs, timu ya besiboli ya hapa, namba 17, jina Bryant, na tangu siku hiyo haivui mpaka niifue usiku amelala. Ananiambia huyo Bryant alipata kila kitu kabla ya kufika miaka 25. Mimi nimekulia kwenye soka, besiboli siielewi, na nikitazama mechi za Cubs simwoni mtu huyo. Je, ni kweli alipata kila kitu? Mbona sasa kimya? Na kuna lolote la maana mtoto anaweza kujifunza kwake?"

Jibu:

Marahaba dada yangu. Mwanao hajakudanganya. Kris Bryant alizaliwa Las Vegas tarehe 4 Januari 1992. Ilipofika Novemba 2016, akiwa na miaka 24, alikuwa ameshachukua tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vikuu vya Marekani, tuzo ya mchezaji bora wa ligi zote za chini, tuzo ya mchezaji mpya bora na tuzo ya mchezaji bora, yaani MVP, hizi mbili katika National League, ambayo ni nusu moja ya ligi kuu. Alizichukua mfululizo, 2013, 2014, 2015 na 2016, kila mwaka ngazi moja juu. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Na juu ya hizo akapata ubingwa. Lakini nikuambie mapema: mimi nikiwafundisha vijana wa besi ya tatu, siwasimulii tuzo. Nawasimulia kilichotokea kati ya msimu wake wa kwanza na wa pili, nami nitakifikia.

Kwanza nikuweke uwanjani, maana bila kujua mahali mwanao anaposimama, mengine yote yatakupita. Besi nne zimepangwa kama almasi, na kutoka moja hadi nyingine ni mita 27 na ushei. Mpigaji husimama kwenye besi ya nyumbani. Besi ya kwanza iko mbele upande wake wa kulia, ya pili iko mbele kabisa, ya tatu iko upande wa kushoto. Wapigaji wengi hupiga kwa mkono wa kulia, na mtu wa mkono wa kulia akiuvuta mpira kwa nguvu zake zote, unakwenda kushoto. Yaani kwa mwanao. Katika ligi kuu mpira huo unaweza kutoka kwenye gongo kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa, na aliyeko besi ya tatu ana chini ya sekunde moja ya kuona, kuamua na kuinama. Ndiyo maana Wamarekani wanapaita kona ya moto. Akishaudaka kazi haijaisha: lazima aurushe mpaka besi ya kwanza, upande wa pili wa almasi, karibu mita 39, ufike kabla ya mkimbiaji. Kwa hiyo mchezaji wa hapo huhitaji moyo na mkono, na timu humdai pia mapigo makubwa. Wanaoyaweza yote hayo kwa pamoja ni wachache katika kila kizazi.

Bryant alionekana hafai hapo kwa umbo. Ana urefu wa mita 1.96, na watu wengi wa besiboli waliamini mtu mrefu hivyo hawezi kuinama haraka kwenye mipira ya chini, kwamba mwisho wake atahamishiwa kule nyuma kwenye majani. Maneno hayo yalimfuata tangu chuoni.

Alipofundishwa ni nyumbani. Baba yake, Mike Bryant, alicheza ligi za chini za Boston Red Sox miaka ya mwanzo ya 1980, na huko alipata mafunzo ya kupiga kutoka kwa Ted Williams, ambaye wengi humhesabu mpigaji bora kuliko wote waliopata kuishi. Baba hakufika ligi kuu. Alichorudi nacho Las Vegas ni somo moja la Williams: usipige mpira kwa kushusha gongo, upige kwa kupandisha kidogo, maana mpira unaorushwa unakuja ukishuka na wewe unataka uruke juu. Akajenga kizimba cha mazoezi nyumbani, na mtoto akakulia humo.

Mwaka 2010, alipomaliza sekondari, Toronto Blue Jays walimchagua katika raundi ya 18 ya mgawo wa wachezaji wapya. (Huku hakuna mtindo wa kununua kinda kama kwenye soka. Kila mwaka timu huchagua vijana kwa zamu, na wakati huo iliyofanya vibaya ndiyo ilitangulia.) Raundi ya 18 ni mbali. Akakataa, akaenda University of San Diego. Mwaka 2013, mwaka wake wa tatu chuoni, akapiga homurani 31. Homurani ni pigo linalovuka uzio, mpigaji akazunguka besi zote na kurudi nyumbani bila mtu wa kumzuia. Nisikuache na namba tupu: miaka miwili kabla, vyuo vilikuwa vimebadilisha magongo ya chuma ili yapunguze kasi ya mpira, na homurani zikawa adimu kote nchini. Msimu huo timu nyingi nzima za vyuo hazikufikisha 31. Yeye alizipiga peke yake. Akapewa tuzo ya Golden Spikes, kubwa kuliko zote za wasio wa kulipwa, na Cubs, waliokuwa wamefungwa mechi 101 mwaka 2012 na hivyo kupata zamu ya pili, wakamchukua. Walimlipa takriban dola milioni 6.7 kutia saini tu.

Mwaka 2014 aliupitisha ligi za chini, nusu Tennessee na nusu Iowa. Homurani 43, nyingi kuliko za mtu mwingine yeyote katika ngazi hizo zote. Akawa mchezaji bora wa ligi za chini.

Sasa hapa kuna jambo ambalo watu wa Chicago hadi leo hulizungumza kwa uchungu, nalo si la mpira bali la kalenda. Machi 2015, kwenye mechi za maandalizi huko Arizona, Bryant alipiga homurani 9 katika mechi 14. Aliongoza ligi kuu nzima. Msimu ulipofunguliwa Aprili, timu ikamrudisha Iowa, ikisema anahitaji kunoa ulinzi wake. Baada ya wiki mbili hivi ikamwita. Kwa sheria ya ligi, mchezaji akikaa siku 172 kwenye kikosi anahesabiwa mwaka mzima, na akifikisha miaka sita anakuwa huru kwenda anakotaka. Ukihesabu siku za Bryant za 2015 unapata 171. Siku moja tu ilipungua, na timu ikapata mwaka wa ziada wa kummiliki. Alilalamika rasmi kupitia chama cha wachezaji, na mwaka 2020 msuluhishi akaipa timu haki, kwa kuwa maandishi ya mkataba hayakuvunjwa. Mimi naona alionewa, hata kama sheria iliruhusu. Na siko peke yangu, maana mkataba mpya kati ya wachezaji na ligi uliotiwa saini 2022 umeweka kwamba mchezaji anayeshika nafasi ya kwanza au ya pili katika tuzo ya mchezaji mpya bora anapewa mwaka mzima, hata kama timu ilimchelewesha.

Mechi yake ya kwanza ilikuwa tarehe 17 Aprili 2015, Wrigley Field, uwanja huo ulioko hapo kwenu, dhidi ya San Diego Padres. Watu walikuwa wakimsubiri kama mvua za masika. Alipata zamu nne za kupiga, hakupata kitu, na mara tatu alitolewa kwa straiki, yaani aliukosa mpira mzuri au kuuacha mara tatu akaondoshwa. Homurani yake ya kwanza haikuja mpaka Mei. Mwanao anapaswa kuijua siku hiyo ya kwanza kama anavyojua zile za vikombe.

Alipozoea, akawasha moto. Alimaliza 2015 na homurani 26, mapigo yake yakaingiza mikimbio, yaani alama, 99, akachaguliwa timu ya nyota, na kura zote 30 za mchezaji mpya bora zikamwendea yeye. Septemba alipiga moja pale Wrigley ikagonga ubao wa matokeo upande wa kushoto. Ilipimwa mita kama 151, pigo refu kuliko yote ya msimu huo katika ligi kuu.

Lakini tazama namba nyingine. Katika zamu 650 za kupiga, alitolewa kwa straiki mara 199. Karibu mara moja katika kila zamu tatu. Hakuna mchezaji mpya wa National League aliyewahi kutolewa mara nyingi hivyo. Sababu yake ni lile somo la baba. Gongo linalopanda kutoka chini hukutana vizuri na mpira unaoshuka, ila warushaji wa ligi kuu si wajinga. Waligundua kwamba mpira wa kasi ukirushwa juu, usawa wa kifua, gongo lake linapita chini yake. Wakawa wanamlisha hapo. Wapo vijana wengi wenye nguvu kama zake ambao safari yao iliishia kwenye mpira huo wa kifuani.

Yeye, akiwa ndiye mchezaji mpya bora wa mwaka, mwenye kila sababu ya kuambiwa asiguse kitu, alirudi kwenye kizimba wakati wa mapumziko na kuulaza mpigo wake. Hakuacha mafunzo ya baba. Alipunguza ule mpando ili gongo likae muda mrefu zaidi kwenye njia ya mpira. Hebu jaribu mwenyewe, dada, shika mwiko wako wa ugali: ukiupitisha kwa kupandisha sana unakutana na njia ya mpira mahali pamoja tu, ukiulaza kidogo unatembea nayo. Ukikosea muda kidogo, bado unaugusa.

Mwaka 2016 alipata zamu 699 na kutolewa kwa straiki mara 154. Kutoka asilimia 31 hadi 22 kwa mwaka mmoja. Na mtu angedhani mpigo uliolala ungempunguzia nguvu, lakini homurani ziliongezeka kutoka 26 hadi 39. Mwaka 2017 alishuka tena mpaka asilimia 19. Nimefuatilia wapigaji wengi, na wanaopunguza straiki huku wakiongeza homurani ndani ya mwaka mmoja ni wachache mno, kwa kuwa kwa kawaida unalipia kimoja kwa kingine.

Mwaka huo wa 2016 ndio mwanao anaouota. Tarehe 27 Juni, mjini Cincinnati dhidi ya Reds, alipata zamu tano na zote tano zikawa mapigo: homurani tatu na mapigo mawili ya kufika besi ya pili. Katika enzi yote ya kisasa ya mchezo huu, hakuna aliyekuwa amefunga hesabu hiyo katika mechi moja kabla yake. Julai, kwenye mechi ya nyota iliyochezwa San Diego, mji aliosomea chuo, alipiga homurani raundi ya kwanza (mechi huwa na raundi tisa, na kila timu hupiga mara moja katika kila raundi) dhidi ya Chris Sale, mmoja wa warushaji wagumu wa zama hizo. Mwisho wa msimu alikuwa amefika nyumbani mara 121, akiongoza National League, na Cubs walishinda mechi 103. Kura za MVP zilikuwa 30, naye akapata 29 za nafasi ya kwanza. Kuchukua mchezaji mpya bora mwaka mmoja na MVP mwaka unaofuata, waliomtangulia ni watatu tu: Cal Ripken Jr., Ryan Howard na Dustin Pedroia.

Na kumbuka wakati huo wote hakukaa besi ya tatu tu. Kocha alimpeleka mara nyingi uwanja wa nyuma upande wa kushoto, mara nyingine kulia, mara nyingine besi ya kwanza. MVP mzima anabeba glavu tofauti kwenye mfuko wake na kwenda anakotumwa.

Kisha fainali. Unaishi Chicago, bila shaka umeshasikia kuhusu miaka 108. Cubs walikuwa bingwa mara ya mwisho mwaka 1908. Watu walizaliwa, wakaoa, wakazeeka na kuzikwa na kofia za Cubs bila kuona kombe. Fainali ya 2016 dhidi ya Cleveland ni ya mechi saba, wa kwanza kushinda nne ndiye bingwa, na Cubs wakawa nyuma 3 kwa 1. Mechi ya tano, wakiwa wamefungwa, Bryant akapiga homurani ya kusawazisha na wakashinda 3 kwa 2. Mechi ya sita, raundi ya kwanza, watu wawili wameshatolewa (wa tatu akitolewa zamu ya timu inakwisha) na yeye ana straiki mbili tayari, akapiga nyingine. Wakashinda 9 kwa 3.

Mechi ya saba ilikwenda raundi ya kumi, baada ya mvua kuisimamisha dakika 17. Cubs wanaongoza 8 kwa 7, anatakiwa kutolewa mtu mmoja tu. Michael Martínez wa Cleveland akaugusa mpira, ukaenda taratibu upande wa besi ya tatu. Mpira wa taratibu, dada, ndio mgumu kuliko ule wa kilomita 160, kwa sababu unakupa muda wa kufikiri. Bryant akaukimbilia. Utaona kwenye picha kwamba alianza kutabasamu kabla hajaushika. Akauokota, majani yamelowa, mguu ukateleza wakati ule ule anarusha. Mpira ukaenda, ukatua kwenye glavu ya Anthony Rizzo pale besi ya kwanza. Rizzo akautia mfuko wa nyuma wa suruali, ndipo wakaanza kukimbiliana. Jiji lako lililia usiku ule.

Sasa swali lako la pili, mbona kimya. Mwili. Mwaka 2018 bega la kushoto lilimsumbua na akacheza mechi 102 tu. Alirudi vizuri 2019, homurani 31, na aliteuliwa timu ya nyota mara nne kwa jumla, lakini kile kiwango cha 2016 hakikurudi. Julai 2021 Cubs walimpeleka San Francisco Giants kwa kubadilishana wachezaji. Machi 2022 akasaini na Colorado Rockies, miaka saba kwa dola milioni 182. Tangu hapo ni majeraha, zaidi ya yote mgongo. Msimu wake wa kwanza huko alicheza mechi 42, na mwaka 2025 hazikufika 20. Ndiyo sababu humwoni. Hakustaafu kwa aibu wala hakufukuzwa. Wapo wanaosema mkataba huo ni hasara na wanamkejeli mitandaoni. Mimi siwezi kumlaumu mtu kwa diski za mgongo wake, na hakuna jeraha linaloweza kuufuta mwaka 2016.

Kwa mtoto, sasa. Usimwache aige mpigo wa Bryant kwa kutazama video, kwa sababu mtoto wa miaka 13 hana mwili wa mita 1.96 na ataiga ule mpando bila ile nguvu. Mpe daftari. Kila baada ya mechi aandike zamu zake, ngapi alitolewa kwa straiki, na mpira uliomshinda ulikuja wapi, juu, chini, ndani au nje. Baada ya mechi kumi atajua warushaji wanamlisha wapi, na kocha wake atakuwa na kitu cha kushika badala ya kumwambia tu "jitahidi". Pia kocha akimtaka acheze nafasi nyingine asinune. Na kama mkono unamuuma baada ya ile mirusho mirefu ya kwenda besi ya kwanza, apumzike mpaka uache kuuma, hata kama ni nusu fainali. Kiwiko cha mtoto bado kinakua.

Jioni moja akiwa ametulia, mfungue naye ile raundi ya kumi ya mechi ya saba. Mwambie asiutazame mpira safari hii, atazame miguu ya walinzi wa ndani kila mrushaji anapotaka kurusha. Ataona wanaruka kihatua kidogo, vidole vya miguu vikigusa chini wakati mpira unafika kwa mpigaji, ili mpira ukija wawe tayari wako kwenye mwendo. Kisha muulize kama na yeye hukifanya.